Tone la Saa Moja

Msikilizaji, shangazi yangu aliwahi kuacha dawa ya macho, na sababu aliyonipa sikuweza kuipinga papo hapo. "Mwanangu, kichwa kikiniuma nameza dawa, kinapoa. Hii natia mwezi wa tatu sasa, naona vilevile." Alikuwa na glakoma, ule ugonjwa tunaouita presha ya macho. Hakuna aliyemweleza kwamba kuendelea kuona vilevile ndiyo kazi yenyewe ya dawa ile.

Glakoma huharibu mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Mara nyingi huanza kula uwezo wa kuona pembeni, polepole, bila maumivu. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena, lakini kilichokufa kwenye mshipa huu hakirudi. Matone hushusha presha ya jicho ili kilichobaki kibaki. Na wenye ugonjwa huu si wachache: utafiti wa Kongwa, mkoani Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, uliwakuta nao watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi.

Nilikaa kwa shangazi wiki nzima. Alikuwa amerudia dawa, tena kwa bidii, lakini mkono wake unatetemeka, na tone moja liliingia jichoni, mawili yakateremka shavuni. Chupa ya mwezi ikaisha kabla ya wiki ya tatu. Alikotibiwa aliambiwa "asubuhi na jioni" akapewa chupa, basi. Hili linaniuma mpaka leo. Naomba kila kliniki ya macho imwambie mgonjwa atie tone pale pale, muuguzi akimtazama, na aliyemsindikiza naye ajaribu.

Nyumbani tulifanya hivi. Nanawa mikono. Shangazi analala chali kitandani, anatazama dari. Navuta kope la chini kidogo, panakuwa kama kimfuko, nadondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho. Moja linatosha, jicho halina nafasi ya la pili. Kisha anafumba macho taratibu, bila kupepesa, na kubonyeza kwa kidole kona ya jicho iliyo upande wa pua, dakika mbili. Hapo ndipo penye njia ya kwenda puani, na ndiyo maana wengine huonja uchungu kooni. Dawa iliyopita huko huingia kwenye damu. Kwa mwenye pumu anayetumia timolol, mojawapo ya matone haya, jambo hili ni hatari, kwa hiyo daktari aambiwe kuhusu pumu kabla hajaandika dawa. Kama dawa ni mbili, subirini dakika 5 kati ya moja na nyingine, na chupa moja ifungwe mpira wa pesa ili vidole viijue hata gizani.

Sasa saa. Timolol kwa kawaida hutiwa mara mbili kwa siku, na hesabu yetu ya saa imeturahisishia: saa moja asubuhi, saa moja usiku. Shangazi tulimfungia dawa kwenye taarifa ya habari. Mjukuu wake wa miaka kumi akisikia muziki wa habari huchukua chupa: "Shikamoo bibi, lala." Hakuna anayemuuliza bibi kwa ukali kama ametia au hajatia. Mtu mzima akikemewa kila siku atajibu "nimetia" ili apumzike.

Ramadhani wengi huacha dawa wakihofia funga. Wanazuoni wengi wanasema tone la jicho halifunguzi. Mwenye wasiwasi amwone daktari mapema, wapange dozi wakati wa futari na daku.

Na mkirudi kliniki, ulizeni kuhusu tiba ya leza ya kushusha presha ya jicho. Utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, ukachapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa macho 61 katika kila 100, na matone ya timolol kwa 31. Pale ambapo leza haijafika, chupa ndiyo iliyopo, na tarehe ya kuifungua iandikwe juu yake kwa kalamu, kwa sababu nyingi hazitakiwi kuvuka wiki nne.

Imebaki dakika moja taarifa ya habari ianze. Mjukuu, chupa ya bibi iko wapi?