Chupa Iliyotoka Kaburini



Katika makumbusho na katika nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani huwekwa vichupa vya kioo, vingine virefu kama kidole tu, vilivyofanyizwa katika dola ya Warumi yapata miaka elfu mbili iliyopita. Watu huvikusanya kwa shauku kubwa. Leo tuvitazame vichupa hivyo, maana vina neno la kutuambia.

Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, mafundi wa Shamu na Palestina walikuwa wamekwisha gundua kwamba kioo kilichoyeyuka chaweza kupulizwa kwa bomba kikafura kama kibofu. Zamani chombo cha kioo kilikuwa anasa ya wakubwa. Sasa, kwa mchanga, magadi, moto na pumzi ya mwanadamu, vyombo vilitoka kwa wingi. Strabo, aliyeishi zama za Kaisari Augusto, aliandika kwamba mjini Roma kikombe cha kioo kilinunuliwa kwa sarafu moja ya shaba.

Kinachowavutia wakusanyaji leo ni rangi za upinde wa mvua zinazometameta juu ya vyombo hivyo. Rangi hizo hazikutiwa na fundi. Unyevunyevu wa udongo ulikila kioo kwa karne nyingi, ukakiachia utando mwembamba unaoutawanya mwanga. Uzuri huo ni alama ya kuzikwa.

Naam, vingi vilizikwa pamoja na wafu. Jamaa za marehemu waliweka kaburini chupa za mafuta na manukato. Wauzaji wa vitu vya kale walizoea kuziita chupa za machozi, wakidai kwamba waombolezaji walikinga machozi yao humo. Wataalamu wameikanusha hadithi hiyo.

Basi tujiulize: chupa iliyozikwa na mwenyewe ilifikaje dukani? Nyingine zilichimbuliwa na wataalamu, wakaandika kila kitu kilipolala. Lakini nyingine zilifukuliwa usiku na wezi, wanaotawanya mifupa, wanaotupa vigae, na kuchukua kile tu chenye bei. Wakiisha kuondoka, hakuna awezaye tena kujua aliyelala pale alikuwa nani, wala aliishi lini. Ndiyo maana tarehe 14 Novemba 1970 UNESCO ilipitisha mjini Paris mkataba wa kupinga biashara haramu ya vitu vya namna hiyo. Mkusanyaji mwaminifu huuliza kwanza chombo kimetoka wapi, naye akikosa jibu hukiacha, hata kama moyo wake unakitamani. Ajua kwamba mwizi hachimbi pasipo mnunuzi.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa wanadamu. Mbele za Mungu, asiyekuwapo na lake lipo.

Ndugu zangu, wengi wetu hatutanunua kamwe kioo cha Warumi. Lakini ni wangapi kati yetu tumenunua kitu kwa bei ya chini mno, kilicholetwa jioni na mtu asiyetaka kutaja jina? Ni wangapi tumekubali kiwanja cha yatima kwa kuwa ami yake alikuwa na haraka ya kuuza? Kisha twajituliza kwa kusema, “Sisi hatukuiba, tumenunua.” Macho yetu yaliona rangi za upinde wa mvua, hatukuuliza habari za kaburi.

Vichupa vile vya kale havikuwa na machozi ndani yake. Tuangalie sana, wapendwa, tusije sisi tukayatia machozi ya wengine katika vitu tunavyovipamba nyumbani mwetu. Juma hili kila mmoja wetu atazame alicho nacho, na palipo na wa kurudishiwa, arudishiwe.

Ee Bwana, utujalie macho ya kupenda vilivyo vizuri, na moyo wa kuuliza vimetoka wapi. Amina.