Mazungumzo juu ya Fundi Bomba na Maji ya Nyumbani: Mfano wa Kilosa na Mikumi



Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo wenye nyumba wengi hulikabili bila ya kujitayarisha: bomba kuvuja, sinki kuziba, choo kukataa kujaa maji, na fundi kutafutwa mbio mbio usiku. Mifano imechukuliwa Kilosa na Mikumi, miji miwili ya wilaya moja katika Mkoa wa Morogoro. Msomaji wa visiwani huenda akauliza kwa nini mifano itoke bara. Sababu ni kwamba huko chanzo cha uharibifu huonekana kwa macho. Unguja, maji ya chini ya ardhi hupita katika mawe ya chokaa na kuacha ukoko mweupe kwenye koki. Kilosa adui ni matope. Mto Mkondoa, unaopita kando ya mji huo, hukusanya maji kutoka nyanda za Dodoma na milima ya Rubeho, na wakati wa mvua hubadilika rangi kwa udongo unaoubeba. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 ziliufanya mto huo kuvunja kingo zake. Maelfu ya watu walihama makazi yao na Reli ya Kati ikakatika.

Udongo na mchanga ukiingia katika mabomba hula washa za koki, hujaza mita na hukwamisha boya la tanki. Fundi wa Kilosa aliyezoea kazi yake hulijua hilo kabla ya kufungua mfuko wa spana.

Watu wengi huhesabu bomba linalovuja kuwa ni hasara ya maji tu. Hasara hiyo ipo, na inapimika. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hutoa matone 86,400 kwa siku. Matone 20 yakikadiriwa kuwa mililita moja, hizo ni lita 4 na zaidi kwa siku, au madumu sita ya lita 20 kwa mwezi. Bomba la ardhini linalovuja lita moja kwa dakika humwaga lita 1,440 kwa siku, yaani ndoo 72, na mita huzihesabu zote.

Lakini hasara ya fedha ndiyo ndogo. Bomba lenye msukumo wa maji hutoa maji nje kupitia ufa wake. Maji yakikatika, na jirani wa bondeni akafungua koki yake, bomba lile lile huanza kufyonza. Kilicho nje ya ufa huingia ndani: maji ya mtaro, matope ya uani, majimaji ya choo cha shimo kilichochimbwa karibu. Mgao ukirudi, ndoo ya kwanza huyaleta hayo jikoni. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea mikoa mingi, Morogoro ikiwamo, na ugonjwa huo husafiri kwa njia kama hizi. Kwa hiyo kipande cha mpira wa baiskeli kilichofungwa juu ya ufa na kufukiwa udongo hakihesabiwi kuwa ni matengenezo. Kinazuia macho yasione, basi. Ni lazima bomba lifukuliwe, kipande kilichooza kikatwe, na kingine kiungwe kwa viungo vyake.

Jambo la kwanza, kabla ya fundi yeyote kuitwa, ni kila mtu mzima wa nyumba kuijua koki kuu inayofunga maji yote. Iko wapi, na je, inazunguka? Koki isiyoguswa kwa miaka mitano hukwama, na hukwama siku ile ile inayohitajika. Inatakiwa kufungwa na kufunguliwa angalau mara mbili kwa mwaka. Nyumba isiyo na koki kuu baada ya mita na ifungiwe moja. Ni kazi ndogo kuliko zote zitakazotajwa hapa, nayo huokoa dari, magodoro na unga.

La pili ni kuuliza mita. Usiku, koki zote zikiwa zimefungwa, namba za mita ziandikwe. Asubuhi, kabla ya mtu kutia udhu au kuchota, zisomwe tena. Zikiwa zimesogea, maji yamepita mahali. Kisha koki ya choo ifungwe peke yake na kipimo kirudiwe. Mara nyingi mwizi hupatikana katika tangi la choo, ambapo mpira wa chini umechakaa na maji huteremka kimya bila ya kuonekana.

Sasa juu ya fundi mwenyewe. Kutoka Mikumi hadi mjini Morogoro ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kuu, na sehemu yake hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mwenye nyumba anayemwita fundi wa kutoka huko hulipa nauli na pengine malazi, na kiungo kikilegea wiki ya pili hulipa tena. Fundi wa karibu hukutana na mteja wake sokoni na msikitini au kanisani, na kazi mbovu humfuata. Huo ni udhamini wenye nguvu kuliko maneno. Aidha, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo hapo hapo Mikumi, na mamlaka hiyo huwapima na kuwapa vyeti hata mafundi waliojifunza kazi mitaani. Cheti kiulizwe kwa heshima. Asiyekuwa nacho asifukuzwe kwa hilo peke yake. Aonyeshe nyumba mbili alizofanyia kazi mwaka uliopita, na wenye nyumba hizo waulizwe kama kuta zao ni kavu.

Fundi mwema hutambulikana kwa maswali yake. Huuliza bomba ni la chuma au la plastiki, maji huja saa ngapi, tanki liko juu kiasi gani. Anayetaja bei kabla ya kuona tatizo anabahatisha, na mara nyingi bahati hiyo humwendea yeye.

Katika mapatano, fedha ya vifaa na ujira wa ufundi vitenganishwe. Fundi aandike orodha kamili: mabomba na vipimo vyake, elbo, tii, soketi, gundi, tepu ya nyuzi. Mwenye nyumba anunue mwenyewe au waende dukani pamoja, na risiti ibaki nyumbani. Ujira ugawanywe, sehemu ya kuanzia na sehemu ya mwisho. Kazi ikiwa kubwa, karatasi moja yenye saini mbili mbele ya mwenyekiti wa kitongoji inatosha kabisa.

Sharti moja lisiachwe kwa hali yoyote: bomba jipya lisifukiwe wala kupigwa plasta siku lilipofungwa. Maji yafunguliwe, koki zote zifungwe, na viungo vikae wazi usiku kucha. Asubuhi vipapaswe kwa mkono mkavu. Sehemu ya mwisho ya ujira hulipwa hapo, mbele ya viungo vikavu.

Na fundi naye ana haki yake. Wako wanaomwamsha usiku wa manane, wakamtia ndani ya karo, kisha wakamwambia arudi mwisho wa mwezi. Fundi aliyedhulumiwa hana haraka ya kurudi siku ya pili, na wa kumlaumu hayupo.

Yapo madogo yasiyomhitaji fundi. Koki inayodondosha huhitaji washa mpya, na kwenye maji yenye mchanga washa huchakaa upesi. Maji yakitoka kwa unyonge katika koki moja tu, kichujio cha mdomoni mwake kifunguliwe na kuoshwa. Sinki likiziba, mtego ulio chini yake ufunguliwe juu ya ndoo na mafuta yaliyoganda yaondolewe. Kumwaga dawa kali kwanza huunguza mikono ya atakayeufungua baadaye. Bafu likikosa nguvu huenda bomba halina kosa: tanki lililo mita 3 juu ya koki hutoa msukumo usiofika theluthi moja ya baa, na hakuna spana itakayoongeza hapo.

Ya kuachiwa wenyewe nayo yapo. Nyaya za hita ya maji ni kazi ya fundi umeme. Mita na bomba lililo kabla yake ni mali ya mamlaka ya maji, au ya chombo cha jamii kinachosimamiwa na RUWASA, wakala ulioundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Kujiunganishia maji au kuichezea mita ni kosa kisheria. Pampu inayofyonza moja kwa moja kutoka bomba la mtaa huongeza ile hatari iliyokwisha elezwa, kwa nyumba zote za mstari huo.

Mto ukifurika, koki kuu ifungwe kabla ya maji kufika uani. Yakiondoka, mfuniko wa chemba ukaguliwe, tanki la chini litolewe maji yote na kusuguliwa, na maji ya kwanza ya bomba yaachwe yamwagike hadi yawe meupe. Hata hapo, ya kunywa yachemshwe mpaka fundi awe amefukua na kukagua kila kiungo kilichokuwa chini ya matope.