Ganzi ya Jino na Woga Wetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Nkwenda)



Nilipotakiwa niseme machache, wengi walitazamia nitazungumza juu ya kazi ya serikali. Nitazungumza juu ya jino. Wanaotaka kucheka na wacheke sasa, maana jino likishauma hakuna anayecheka.

Nilikuwa Kidato cha Tatu, Nkwenda ikiwa bado katika Wilaya ya Karagwe, kabla ya Kyerwa kuwa wilaya mwaka 2012. Gego langu la chini lilitoboka. Kwa majuma mengi nilisukutua maji ya chumvi, nikatafuna karafuu (ambayo kwa kweli ina mafuta yanayotia ganzi kidogo), na rafiki yangu mmoja akanisagia aspirini nikaibandika kwenye ufizi. Ikaniunguza ufizi, na jino likaendelea kuuma. Nilipopelekwa kutibiwa shavu lilikuwa limekwisha vimba. Nilidungwa sindano, na kabla sijahesabu mia moja koleo lilikuwa kinywani. Watu wawili walinishika mabega. Tangu siku ile sikumkaribia tabibu wa meno kwa miaka 16, na katika miaka hiyo yakaoza magego mengine mawili ambayo yangeweza kuzibwa.

Nilipolazimika kurudi, tabibu mwingine alinidunga, akakaa akizungumza nami kama dakika kumi, kisha akanigusa ufizi kwa chuma chenye ncha na kuniuliza kama nasikia. Nikasema nasikia. Akaongeza dawa, akangoja tena. Jino likatoka mimi nikiwa bado nasubiri aanze. Nilitaka kulia, si kwa maumivu, bali kwa hasira ya ile miaka 16.

Basi nikamwuliza sababu, naye akanieleza. Dawa ile, lignokeini, huziba vijia ambavyo sodiamu hupitia kuingia katika neva, na bila sodiamu hiyo neva haiwezi kupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo. Lakini dawa yataka muda wa kupenya. Mfupa wa taya la chini ni mgumu, hivyo kwa magego ya huko hudungwa nyuma kabisa, pale neva inapoingia katika taya, na ganzi yake huchelewa. Zaidi ya hayo, penye usaha na uvimbe nyama huwa na asidi, na katika asidi sehemu kubwa ya dawa hushindwa kuingia ndani ya neva. Ndiyo kusema mtu anayengoja hadi uso uvimbe anaipunguzia sindano nguvu yeye mwenyewe. Anaumia, anasimulia kijijini, na waliomsikia nao wanangoja hadi wavimbe. Na sisi wa huku tunayo sababu yetu ya ziada: tunangoja kwanza kahawa iuzwe.

Dawa hizi zina historia yake. Mwaka 1884 Karl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokeini hutia jicho ganzi, na mwaka huohuo William Halsted wa New York akaidunga kwenye neva ya taya. Halsted alijijaribia mwenyewe hata akawa mtumwa wa dawa hiyo. Lignokeini, ambayo haina balaa hilo, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren, na mwenzake Bengt Lundqvist akajidunga mwenyewe ili kuipima.

Lakini linalonifurahisha zaidi lilianzia hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi Jo Frencken alianzisha hapa nchini njia ya kuziba meno bila mashine wala umeme. Sehemu laini iliyooza hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino. Mara nyingi hata sindano haihitajiwi. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu mwaka 1994. Ila yafaa kwa tundu ambalo halijaifikia neva, na mtu aliyekwisha vimba shavu amechelewa.

Wadogo zetu, mkiwa katika kiti cha tabibu msione haya kusema, "Daktari, bado nasikia." Huo si utovu wa adabu. Kusukumwa na kuvutwa mtakusikia, kwa maana ganzi haiondoi hayo, lakini kuchomwa hampaswi kukusikia. Mwelezeni pia kama mna ugonjwa wa moyo au mnatumia dawa nyingine. Na msile chochote mpaka ganzi iishe, ambayo huweza kuchukua saa tatu au zaidi. Nilimwona mwenzetu bwenini akitafuna mdomo wake akidhani ni ndizi.

Ndugu Mkuu wa Shule, nina ombi moja. Mwanafunzi atakayelalamika jino apewe ruhusa ya kwenda kutibiwa siku hiyohiyo, hata kama ni siku ya mtihani wa majaribio.