Aliyekula Masikio ya Punda: Mjinga katika Fasihi Yetu ya Kale

Vijana mliobanana mlangoni, sogeeni ndani. Huku mbele kuna mkeka.

Nilipopewa mada hii, mwalimu mwenzangu alicheka akaniambia, "Leo umeitwa ukawazungumzie ndugu zako." Nikamwambia ndugu wenyewe ni wengi, na saa moja haitatosha kuwataja wote. Basi nianze na mmoja, naye ni punda.

Mwaka 1870 mmishonari wa Kiingereza, Edward Steere, alichapisha London ngano alizozikusanya Unguja kwa Kiswahili. Mojawapo ni ya kima na rafiki yake mbaya, papa, na ndani yake kima anamsimulia papa habari za punda wa dobi. Simba anaumwa, hana tena nguvu ya kuwinda. Sungura anamwendea punda, anamlainisha kwa maneno matamu, punda anafuata. Simba anamrukia, lakini mwili hauna nguvu. Punda anachomoka na majeraha yake, anarudi kwa dobi. Siku zinapita. Sungura anakwenda tena na maneno yaleyale matamu, na punda anafuata tena. Safari hii hakuchomoka. Simba anamwachia sungura nyama aichome, akimwagiza amwekee moyo na masikio. Sungura anajisogeza pembeni, anavila vyote viwili. Simba akiuliza viko wapi, anajibiwa kwamba mnyama yule hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, baada ya yale yaliyompata mara ya kwanza, angerudi?

Kisa hiki kimesafiri sana. Kimo katika Panchatantra ya Wahindi, kikaingia Kiarabu katika karne ya 8 kwa kalamu ya Ibn al-Muqaffa, katika kitabu cha Kalila na Dimna. Kwa Wahindi rafiki mbaya wa kima ni mamba, kwa Waarabu ni kasa, na kilipotia nanga Unguja akawa papa, kwa kuwa pwani ndiye wanayemwogopa. Mbweha naye akampisha sungura wetu.

Nilikifundisha kisa hiki miaka mingi kwa namna ileile: usiwe punda. Wanafunzi waliandika daftarini, wakajibu mtihani, wakapata maksi. Hadi siku moja binti wa kidato cha pili, wa nyuma kabisa, aliponyoosha mkono. "Mwalimu, kwani masikio si ameyala yeye?"

Nilimwambia tutaendelea kesho.

Kweli ndivyo ilivyo. Anayetoa ushahidi kwamba punda hakuwa na masikio ana masikio hayo tumboni. Hakuna mwingine wa kuulizwa, na simba, hakimu wetu, anaridhika na jibu kwa sababu limetamkwa vizuri. Ukisoma fasihi ya kale ukiwa na swali la binti yule kichwani, utashangaa mara ngapi hukumu ya ujinga imetolewa na mtu ambaye bado anajilamba midomo.

Neno mjinga lenyewe lina historia hiyo. Katika karne ya 19, pwani, mjinga aliweza kuwa mtu wa aina maalumu kabisa: mtumwa mgeni, aliyeletwa juzi kutoka bara. Aliyezaliwa hukohuko pwani aliitwa mzalia, na mzalia alimcheka mjinga. Sasa wazee wangu, huyo mgeni kutoka bara alikuwa nani? Alikuwa mtu wa nchi kama hizi zetu. Alijua mvua inakuja kwa upande gani, alijua dawa ya tumbo la ndama, wengine walijua kuyeyusha chuma. Asichojua ni Kiswahili na namna ya kufunga shuka kama watu wa mjini. Hayo mawili yalitosha kumpa jina. Alinyang'anywa nyumbani, lugha na watu wake, kisha akaambiwa hana akili. Mimi hapo namwona sungura.

Kiswahili hakikuishia kwenye neno moja. Tuna mpumbavu, zuzu, bwege, punguani, kichwamaji, na vijana mna yenu ambayo sitayatamka mbele ya wazee. Linalonivutia zaidi ni juha. Juha alikuwa mtu, au tuseme jina la mtu: ndiye mhusika wa vichekesho vya Waarabu, na masimulizi yake yamechanganyika na yale ya Nasreddin Hoja wa Waturuki. Leo mpumbavu, kesho anamfunga kadhi mdomo. Sisi tulipolipokea jina tukachukua nusu ya kwanza tu. Ile nusu ya pili, ya ujanja, tukampa Abunuwasi, ambaye naye alikuwa mtu kweli: Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, bingwa wa mashairi ya mvinyo. Sidhani angejitambua katika vitabu vyetu vya shule, anapoazima sufuria kwa jirani na kuirudisha pamoja na kisufuria kidogo, akisema imezaa. Jirani anapokea kwa furaha. Akiazima tena, habari zinakuja kwamba sufuria imefariki. Jirani anang'aka: sufuria itakufaje? Mjinga hapo ni nani, na alianza kuwa mjinga siku gani? Siku ya msiba au siku ya uzazi?

Edward Gitau wa Kenya, aliyechora katuni za Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miaka mingi, alimpa mhusika wake jina linalobeba pande zote mbili. Kalulu, kwa wenzetu wa Malawi na Zambia, ni sungura.

Kwamba mjinga na mjanja huweza kuwa mtu mmoja, wafalme walilijua mapema, ndiyo maana waliwafuga wajinga ikulu. Katika tamthilia ya Shakespeare, Mfalme Lear anawagawia mabinti zake ufalme wote, na mtu pekee anayeweza kumwambia usoni kwamba amefanya upuuzi, na akabaki, ni yule mchekeshaji wake. Muungwana anayesema hivyo anafukuzwa nchini. Mchekeshaji anatishiwa fimbo tu, kwa sababu maneno yake hayahesabiwi. Kisha katikati ya mchezo anatoweka, wala Shakespeare hatuambii alikokwenda.

Kwetu mtumishi mchekeshaji wa Shakespeare aliingia Kiswahili kwa mlango wa ajabu. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi, ambamo Launcelot Gobbo anamzungusha kwa mzaha baba yake mwenyewe, mzee asiyeona. Ni Mwalimu huyuhuyu aliyetangaza ujinga kuwa adui wa taifa pamoja na umaskini na maradhi, na aliyeutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Hapo alifanya jambo ambalo naliheshimu sana: aliuondoa ujinga kwenye utu wa mtu, akauweka kwenye orodha ya vitu vinavyoondoka, kama malaria. Mzee asiyejua kusoma hakuwa tena zuzu. Alikuwa mtu ambaye hakupewa darasa.

Shaaban Robert, aliyefariki 1962, alikwisha kuitania hukumu ya ujinga katika Kufikirika, ambako ufalme mzima unatafuta watu wawili wa kutoa kafara, mmoja mjinga na mmoja mwerevu. Ukiambiwa hivyo unajiuliza mara moja: na nani atakayewachagua? Mwandishi Kezilahabi naye, katika riwaya ya Kichwamaji ya 1974, alilibandika tusi hilo juu ya kitabu ambacho mhusika wake mkuu, Kazimoto, ni msomi.

Nimalizie hapa Rujewa. Mwaka mmoja, msimu wa mavuno, nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha kununulia mpunga. Gunia lilikuwa limeshajaa, likashindiliwa kwa magoti, likaongezewa kilemba cha wavu juu, na kijana ameshika shazia na kamba ya katani tayari kushona. Lumbesa, mnaijua. Bei ni ya gunia moja, la debe sita. Mwenye mpunga alikuwa mzee mwembamba, kofia imekunjamana.

"Mwanangu," akamwambia dalali kwa sauti ya unyonge, "mimi sikusoma. Hebu nihesabie, humu zimeingia debe ngapi?"

Dalali akacheka. "Babu, gunia ni gunia."

"Ndiyo, ila nikifika nyumbani bibi yako ataniuliza. Nihesabie tu, nikariri."

Watu walianza kusogea. Kilemba kikafunguliwa, mpunga ukamwagwa kwenye turubai, debe likaletwa. Dalali alihesabu kwa sauti ili ayamalize, na mzee akirudia nyuma yake taratibu kama mtoto wa chekechea: moja, mbili, tatu. Walipofika sita, mzee akanyamaza, akaacha dalali aseme saba peke yake, kisha nane.

"Asante, mwanangu," akasema. "Sasa hapo nisaidie tena. Sita na nane, ipi kubwa? Maana sisi tulisoma zamani."

Yule kijana mwenye shazia ndiye aliyecheka wa kwanza.