Bustani ya Mtumishi Asiye na Shamba



Nimetakiwa niseme nanyi habari ya kilimo, nami ni karani mpangaji wa Temeke, sina shamba. Ua wa nyumba nikaayo ni wa watu wengi, na sehemu yangu haizidi upana wa mkeka. Walakini katika upana huo nimepanda minyanya na maua.

Mwaka wa kwanza nilikosa. Niliweka ndoo ya mnyanya na chungu cha maua bega kwa bega, nikavinywesha maji sawasawa asubuhi na jioni, nikidhani huo ndio uadilifu. Ndoo haikuwa na matundu. Mizizi ikakosa hewa, mnyanya ukanyauka umesimama majini. Tunguu la ua, yaani lile shina nono lililo kama kitunguu, nilipolifukua lilikuwa uji. Nalitambua ya kuwa wema usio kipimo huua.

Basi mnyanya wataka nini? Ndoo ya lita 20 yenye matundu chini, mchanga wetu uliochanganywa na samadi iliyooza, na jua la saa sita au zaidi. Sieni mbegu mwezi wa Mei masika yakiisha, ili mche uchanue wakati wa ubaridi. Kwa maana joto la usiku huangusha maua, na mvua nyingi huleta ukungu. Mbegu za Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa nchini mwaka 1997, zapatikana madukani. Mwagieni shinani, si majanini, kwa kipimo kimoja kila siku; kiu ikifuatwa na gharika huozesha tunda kitako. Mkiona majani yenye mirija myeupe, huyo ni kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014: yachumeni, myachome moto.

Tunguu lina desturi nyingine. Tulipu za Uholanzi msizitamani, kwani hazichanui pasipo majuma mengi ya baridi kali. Tunalo letu la misituni, ambalo wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Mvua zikianza hutoa ua jekundu la mviringo, kubwa kuliko chungwa. Majani yakikauka, limelala: liacheni bila maji hadi mvua zirudi. Nanyi jihadharini, lina sumu. Mke wangu alikwisha kulishikia kisu akidhani ni kitunguu cha mchuzi. Tangu siku ile nimeliandikia jina, nalo halikai karibu na jiko.

Mtauliza, faida yake nini? Nyanya zangu hazijaniondolea safari ya sokoni, ila zimeipunguza. Lakini liko jambo kubwa zaidi. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya Serikali yahamie Dodoma, na tangu mwaka 2016 tumewaaga wenzetu wengi waliokwenda huko. Mtumishi hajui barua yake itafika lini. Katika kituo changu cha zamani nilipanda miembe mitatu. Sikuonja hata embe moja. Ndoo hupakiwa garini, na tunguu lililolala husafiri sandukuni kati ya nguo, likaamka ugenini kwa mvua ya kwanza.

Pandeni, ndugu zangu, kitu mnachoweza kuhama nacho.