Kupanga Juhudi Katika Mtihani wa Uwezo wa Jumla

Katika mtihani wa GATE, unaotumiwa nchini India kuwachagua wahitimu wa uhandisi wanaotaka kusoma shahada ya uzamili, sehemu ya uwezo wa jumla, yaani ile inayopima lugha ya Kiingereza, hesabu, mantiki na utambuzi wa maumbo, ina maswali 10 yenye alama 15 kati ya 100. Kuidharau sehemu hiyo kwa kuwa haihusu taaluma ni kosa, kwani asilimia, uwiano na usomaji wa grafu ni maarifa ya sekondari yanayohuishwa upesi, ilhali msamiati hauna mwisho, na kuukariri katika wiki za mwisho huleta faida ndogo. Lipo pia suala la alama hasi, yaani adhabu ya jibu lisilo sahihi: katika swali la alama 1 lenye machaguo manne na jibu moja, kosa hukata theluthi ya alama, hivyo kubahatisha bila fununu yoyote hakuongezi wala hakupunguzi kitu kwa wastani, lakini mtahiniwa aliyekwisha kuondoa kwa hakika hata chaguo moja potofu ana sababu ya kujibu. Anayejiandaa na aanze, basi, na hesabu na mantiki.