Postikadi za Miji ya Kale na Makanisa
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi, siku ya mkutano wa mwaka)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumzie kazi yangu serikalini. Nikamjibu kwamba mafaili hayana utamu wa kusimuliwa baada ya pilau, na kwamba kama angeniruhusu, ningeleta postikadi zangu. Alikubali, nadhani kwa adabu tu.

Postikadi ya kwanza ilitolewa na posta ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba, 1869. Haikuwa na picha hata kidogo: upande mmoja anwani, upande wa pili maneno machache. Picha zilipokuja, kwa miaka kadhaa mgongo wa kadi uliachiwa anwani peke yake. Basi mwenye salamu zake alizibana pembeni mwa picha, au akaziandika angani, juu ya mnara wa kanisa. Uingereza iliruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari mwaka 1902, na Marekani mwaka 1907. Ndiyo sababu mtu wa kazi hii akipewa kadi huigeuza kwanza, picha huitazama baadaye.

Kwa nini miji ya kale na makanisa, wala si wanyama au meli? Kwa sababu jengo kubwa hupigwa picha na watu wengi, kutoka mahali pale pale, miaka nenda miaka rudi. Ukizipanga kadi hizo mezani unaona wakati ukipita.

Chukueni mji wa Venice. Mnara wa kengele wa Kanisa la Mtakatifu Marko ulianguka asubuhi ya tarehe 14 Julai, 1902. Hakufa mtu. Wenyeji wakaamua kuujenga tena pale pale na vile vile, nao ukafunguliwa tarehe 25 Aprili, 1912. Kwa hiyo kadi ya uwanja ule isiyo na mnara ina umri unaojulikana karibu barabara. Lakini jihadharini! Ipo picha mashuhuri inayoonyesha mnara ukiwa katikati ya kuporomoka, vumbi linafumka. Picha hiyo ilitengenezwa, na watu waliinunua kwa shauku. Kadi nayo husema uongo, kama shahidi mwingine yeyote.

Dresden, Ujerumani, ni habari nzito zaidi. Kuba la Frauenkirche lilianguka tarehe 15 Februari, 1945, baada ya mji kupigwa mabomu, na kwa zaidi ya miaka arobaini kifusi kiliachwa palepale. Kanisa liliwekwa wakfu upya tarehe 30 Oktoba, 2005. Kwenye kadi za siku hizi mnaweza kuona mawe meusi yaliyookolewa katika kifusi yakiwa kati ya mawe mapya meupe. Wajenzi walitumia michoro na picha za zamani. Hapo ndipo nilipoacha kuona haya mtu akiniuliza, mzee mzima, makaratasi haya ya nini.

Sasa turudi nyumbani. Unguja ilikuwa na wapiga picha wake waliochapisha kadi, akina Gomes na ndugu wa Coutinho, na kazi yao bado inatafutwa. Tazameni Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883. Katika picha za mwanzo mnara umesimama peke yake mbele ya jumba. Manowari za Kiingereza zilipoupiga mji tarehe 27 Agosti, 1896, mnara ule uliharibika, na mwaka uliofuata jumba likapewa mnara wake wenyewe kwenye uso. Huo ndio tuliouzoea sote, hadi tarehe 25 Desemba, 2020, ulipoporomoka pamoja na sehemu ya jumba na watu wawili wakapoteza maisha. Ninazo kadi za vipindi viwili vya kwanza. Cha tatu nilikiona kwenye simu, kama ninyi.

Hatua chache kutoka hapo ni Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa hapo siku ya Krismasi ya mwaka huo huo, chini ya usimamizi wa Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili. Kadi za zamani za kanisa hili ni nzuri mno. Lakini zitazameni vizuri: jengo limetajwa jina, na watu waliosimama mbele yake hawakutajwa. Kadi nyingi za pwani yetu ziko hivyo. Mama mwenye kanga anaitwa tu mwanamke wa Kiswahili. Alikuwa na jina, na huenda wajukuu wake wapo. Mimi kadi kama hizo nazinunua, ila siziangalii kwa raha.

Ndugu Mwenyekiti, nina jambo, nawe unalijua. Alasiri hii kamati itajadili kulibomoa bwalo la zamani. Mimi si mpinzani wa bwalo jipya. Watoto wanakula kwa zamu tatu, na paa linavuja juu ya sufuria. Ila nimetafuta picha ya bwalo hilo kwa miaka mingi na nimepata moja tu, nayo inaonyesha mlango na kichogo cha mwalimu wa zamu. Naomba, kabla nyundo haijaanza, lipigwe picha pande zote nne na ndani, na kuta zipimwe kwa futi. Wapishi wapigwe picha pia, na majina yao yaandikwe nyuma kwa penseli, maana wino hupenya. Kazi hiyo kidato cha tatu wanaiweza kwa siku mbili.

Wenzangu wenye picha za enzi zetu kwenye masanduku ya mama zao, zileteni maktaba zinakiliwe, mtarudishiwa zenyewe.

Kadi zangu ziko kwenye meza ya pembeni. Vijana, mnawe mikono kwanza, pilau lina mafuta, na mzishike kwa kingo. Ile ya Venice ya mnara unaoanguka nimeichanganya humo makusudi.